Kwa Mumia, Mji wa Miwa na Misafara

Jina la Mumias limeingia katika nyumba nyingi za Waislamu wa Kenya kabla ya wenye nyumba kujua mji wenyewe uko upande gani. Liliingia likiwa limeandikwa juu ya pakiti ya sukari, likawekwa jikoni karibu na majani ya chai, na kwa miaka mingi halikuwa na maana nyingine ila utamu wa chai ya asubuhi na uji wa futari. Lakini mji huo una khabari ndefu kuliko ya sukari, na katika khabari hiyo sisi watu wa pwani tumo, kwa mema na kwa mabaya. Kwa hiyo tuliposafiri pande za magharibi ya Kenya tuliona haifai kupita bila ya kuingia Mumias, na tuliyoyaona pamoja na tuliyoyajua kutoka tarikhi ndiyo haya tunayowaandikia wasomaji wetu.

Mji huu uko katika Kaunti ya Kakamega, karibu na mto Nzoia, ambao hushuka kutoka milima ya Cherangani na kumwagika katika Ziwa Victoria. Nchi yake imeinuka kadiri ya mita 1,300 juu ya bahari. Si nchi ya milima wala si tambarare kabisa. Ni ya miinuko midogo midogo, yenye udongo mzuri na mvua nyingi, na joto lake ni la kiasi. Mtu akitoka Kakamega kwa njia ya Shianda huanza kuona miwa kidogo kidogo, shamba hapa na shamba kule, baina ya mahindi na migomba. Kisha huona miwa imesimama pande zote mbili za barabara, mirefu kuliko kimo cha mtu, hata nyumba hazionekani ila mapaa yake. Aliyezoea minazi ya kwetu, ambayo humwacha mtu akaona mbali baina ya shina na shina, hujiona hapa kama apitaye ndani ya ujia. Upepo ukivuma majani hutoa mchakacho usiokoma. Wenyeji hawausikii tena. Sisi wageni tuliusikia mchana kutwa.

Jina lenyewe lina kisa chake. Mahali hapa paliitwa Elureko, na palikuwa makao ya wafalme wa Wawanga, ambao ni kabila moja katika makabila ya Waluhya. Mfalme wao huitwa Nabongo. Watu wa misafara kutoka pwani, kwa desturi yao ya kuita mahali kwa jina la mwenyewe, walipaita Kwa Shiundu, kwa kuwa Nabongo wa zama zile alikuwa Shiundu. Alipofariki na kurithiwa na mwanawe Mumia, mnamo mwaka 1882, wakapaita Kwa Mumia. Waingereza walipokuja wakaifuata desturi hiyo kwa lugha yao, wakaongeza herufi ya "s" mwishoni mwa jina, maana kwao herufi hiyo ndiyo ionyeshayo kuwa kitu ni cha mtu fulani. Basi anayesema Mumias leo asema maneno yale yale waliyosema wapagazi wa Mombasa na Pangani, ila kwa nguo ya Kiingereza. Sisi twaona jina la wapagazi ni zuri zaidi.

Kwa nini misafara ikatua hapa na si penginepo? Msomaji na aufikirie mwendo wenyewe. Msafara uliotoka pwani ulikuwa na mamia ya watu kwa miguu, nao ulipita nyika isiyo na maji, kisha ukakata nchi ya Wamasai ambamo hapakuwa na kilimo na ruhusa ya kupita ilinunuliwa kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Miezi hupita watu hawana nafaka ila waliyoichukua vichwani. Wakifika nchi ya Wawanga hukuta mtama, wimbi, viazi, kunde, kuku na mbuzi, vyote kwa bei rahisi, na hukuta mtawala mmoja ambaye neno lake lafuatwa. Hilo la pili lilikuwa kubwa kama la kwanza, kwani makabila mengi ya jirani hayakuwa na wafalme, na mgeni alilazimika kupatana na kila mzee wa kila mlima. Kwa Nabongo alipatana mara moja. Hapo msafara ulipumzika, ukajaza magunia ya unga, na matajiri wakatuma watu wao kutafuta pembe za ndovu upande wa Mlima Elgon na mbele yake.

Katika matajiri hao mmoja aliyejulikana sana ni Jumbe Kimemeta wa Pangani, aliyeongozana na Mskochi Joseph Thomson katika nchi ya Wamasai mwaka 1883, na miaka michache baadaye na Count Teleki wa Hungaria. Na ni ajabu kidogo kwamba Pangani yenyewe wakati ule ulikuwa mji wa miwa: pande zote mbili za mto wake palikuwa na mashamba ya Waarabu, na sukari guru yake ilipakiwa majahazini kwenda Unguja na mbali zaidi. Watu wa Pangani walioijua miwa tangu utotoni walikaa Elureko, wakala wimbi na kunde, wasijue kwamba karibu miaka mia baadaye udongo ule ule utageuzwa wote kuwa wa miwa.

Tumesema kwa mema na kwa mabaya, wala si insafu kuyataja mema peke yake. Misafara ilileta nguo, bunduki na lugha ya Kiswahili, na ikaleta dini. Lakini baadhi ya wenye misafara walinunua watu pamoja na pembe, na bunduki zao ziliingia katika vita baina ya Wawanga na jirani zao. Wabukusu na Wasamia wanayo kumbukumbu yao juu ya jambo hili, nayo si tamu. Kijana wa Kiislamu akienda kuishi kule akasikia maneno makali juu ya "Waswahili" wa zamani, asihamaki wala asikanushe, aulize, asikilize. Mfanya biashara aliyeuza binadamu kwa fedha hakufanya hivyo kwa kuwa ni Mwislamu. Alifanya kwa uchu wa mali, akalivaa jina la dini njiani.

Ama dini yenyewe ilienea kwa watu wa namna nyingine. Katika wale waliotoka pwani walikuwamo waliobaki, wakaoa, wakajenga, wakafundisha watoto juzuu. Nyumba ya kifalme ilikuwa karibu nao, na watu wa nyumba hiyo wakasilimu, na raia wakafuata. Hakuna jeshi lililowasilimisha Wawanga, wala hapakuwa na serikali ya Kiislamu iliyowapa vyeo. Kutoka Mumias Uislamu ukatambaa mpaka vijiji na miji mingine ya magharibi, na hata sasa mji huu wahesabiwa kuwa ni kitovu cha Uislamu katika nchi ya Waluhya. Adhana husikika vizuri kule, na msafiri hana haja ya kuuliza sana msikiti uko wapi. Waumini wengi ni Waluhya wasemao Kiluhya nyumbani, nao hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, kama yalivyofika na watu wa pwani. Ijumaa tuliyoswali pale hatukujiona wageni ila kwa lafdhi yetu tu.

Wazungu walifuata njia ile ile ya misafara. Thomson alifika mwishoni mwa mwaka 1883 akamkuta Mumia, mtu mpole mwenye kupenda wageni, ndiye mfalme. Mwaka 1885 akaja Askofu James Hannington aliyetaka kuingia Buganda kwa upande wa mashariki. Aliuacha msafara wake mkubwa Kwa Shiundu, akaenda mbele na wapagazi 50, na Oktoba 29 mwaka ule akauawa huko Busoga pamoja na watu wake kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wanne tu waliokoka, wakarudi mbio na khabari kwa wenzao waliokuwa wakingoja kwa Mumia. Baadaye akaja Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza. Huyu alipokwenda upande wa Elgon kuwinda ndovu, akatokea Mjerumani Carl Peters mwanzoni mwa mwaka 1890, akazikuta barua alizoandikiwa Jackson kutoka Buganda, akazifungua akazisoma, kisha akatangulia yeye kwenda kwa Kabaka. Mambo makubwa ya dola mbili za Ulaya, Uingereza na Udachi, yaliamuliwa siku ile kwa barua za watu zilizofunguliwa bila ya idhini katika mji wa Nabongo.

Mnamo mwaka 1894 Waingereza wakaweka kituo chao hapo, na mwaka 1895 akafika C. W. Hobley kutawala nchi yote iliyozunguka. Mumia akachagua kuwa pamoja nao. Watu wake wakapigana upande wa Waingereza katika vita juu ya Wabukusu mwaka ule ule wa 1895, na ndugu na jamaa zake wakawekwa kuwa machifu juu ya makabila ambayo zamani hayakumtii Nabongo. Mwaka 1909 naye akapewa cheo cha chifu mkuu. Wako wamsifuo kwa busara, kwamba aliiokoa nchi yake isichomwe moto. Wako wamlaumuo, kwamba aliukuza ufalme wake kwa mikono ya wageni. Sisi twaona zote mbili zina kweli. Mumia aliishi mpaka mwaka 1949, akayaona yote hayo mwanzo wake na matokeo yake.

Lakini aliona pia mji wake ukififia. Reli ilipofika ziwani mwezi wa Desemba mwaka 1901, ilifika Kisumu, wala haikupita Mumias. Misafara ikafa kwa siku moja, kwani nani atatembea miezi mitatu kwa miguu iwapo gari la moshi laenda kwa siku chache? Mwaka 1902 serikali ikaihamisha nchi hii kutoka Uganda na kuitia katika himaya ya Afrika Mashariki, ile ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishiwa Kakamega. Reli kuu ya kwenda Uganda ilipopitishwa kaskazini, ilipita Bungoma. Na ile reli ndogo kutoka Kisumu, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, ikaishia Butere, mwendo mfupi tu kutoka Mumias! Mara tatu reli imepita karibu na mji huu bila ya kuingia. Mji ukabaki na soko lake, misikiti yake, kanisa na hospitali ya wamishenari, na kaburi la utukufu wake.

Hapo ndipo yaja mambo ya sukari, nayo yataka utangulizi mdogo. Neno hili "sukari" tumelipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa Bara Hindi, na mmea wenyewe ulifuata karibu njia hiyo hiyo. Waislamu ndio waliouchukua muwa kutoka Uajemi wakaupanda Sham na Misri, wakaufikisha Sisilia na Andalusia, wakachimba mifereji ya kuumwagilia maji. Kutoka kwao Wazungu wakajifunza, wakauvusha bahari mpaka Marekani, na huko wakaulima kwa mikono ya watumwa wa Kiafrika. Katika Kenya kiwanda cha kwanza kikubwa kilijengwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922; cha pili Ramisi, katika pwani yetu ya kusini, mwaka 1927, ambacho wasomaji wetu wa Msambweni na Gazi wanakikumbuka, nacho kilifungwa mwaka 1988. Baada ya uhuru serikali haikutaka kununua sukari ng'ambo. Ikajenga Muhoroni mwaka 1966 na Chemelil mwaka 1968, na mwaka 1967 ikaitaka kampuni ya Kiingereza ya Booker ipime kama miwa yafaa Mumias. Booker hao walikuwa mabwana wa mashamba ya miwa Guyana tangu zama za ukoloni. Elimu iliyopatikana kule kwa jasho la watumwa na la Wahindi waliopelekwa kwa mkataba ndiyo iliyoletwa kwa Nabongo. Kampuni ya sukari ikaundwa mwaka 1971, na mwaka 1973 kiwanda kikaanza kusaga.

Shamba la kampuni lenyewe, lililofanywa katika ardhi iliyonunuliwa kwa wenyeji, lilikuwa sehemu ndogo. Miwa mingi ilitoka katika mashamba ya wakulima wadogo, mwenye ekari mbili, mwenye ekari tano, na hili ndilo lililoufanya Mumias kuwa mbali na mashamba makubwa ya zamani. Kampuni hulima shamba la mkulima kwa trekta, humpa vipande vya bua vya kupanda, kila kipande na macho yake, humpa mbolea, kisha hukata na kuchukua miwa, na gharama zote hizo hukatwa katika malipo. Mkulima hupalilia na kungoja. Na kungoja huko ni kurefu! Miwa ya kwanza hukaa shambani miezi 18 hata 24 ndipo ikatwe. Baada ya hapo shina huchipua tena, ikakatwa mara ya pili na ya tatu bila ya kupandwa upya, lakini kila mara mavuno hupungua.

Muwa ukisha kukatwa hauna subira tena. Ukikaa juani siku mbili tatu sukari yake huanza kuharibika na uzito wake kupungua; kwa hiyo trekta huvuta mabehewa yaliyojaa usiku na mchana, mabua yakidondoka njiani na watoto wakiyakimbilia. Kiwandani muwa hukatwakatwa na kukamuliwa baina ya magurudumu ya chuma, maji yake hutiwa chokaa ili takataka zitengane, huchemshwa mpaka yakawa mazito, punje za sukari zikajifanya, kisha huzungushwa kwa kasi katika mashine ili molasi iachane na sukari. Makapi hayatupwi, huchomwa kuendesha mitambo, na tangu mwaka 2009 Mumias ilikuwa ikitoa umeme kadiri ya megawati 26 kuuzia taifa. Kwa miaka mingi kiwanda kimoja hiki kilitoa karibu nusu ya sukari yote ya Kenya, na miaka mingine zaidi ya nusu.

Mji ukafufuka. Maduka yakaongezeka, ada za skuli zikalipwa, nyumba za nyasi zikaezekwa mabati. Walakini katika majumba mambo hayakuwa mepesi, na hili twawataka akina mama na akina baba walizingatie. Ekari iliyopandwa miwa haitoi mahindi, na mtoto hatafuni hati ya malipo. Fedha za miwa zilikuja mara moja baada ya mwaka na nusu au miwili, nyingi kwa wakati mmoja, zikaingia mkononi mwa mume, ilhali palizi ilikuwa ya mke. Wako waliojenga na kusomesha, na wako walioshuka mjini siku ya malipo wasirudi nyumbani hata fedha zikaisha. Wengine walikuta gharama za trekta, mbegu, mbolea na uchukuzi zimezidi thamani ya miwa, wakaandikiwa deni baada ya kazi ya miezi ishirini. Wanawake waliobakisha kipande cha wimbi na viazi nyuma ya nyumba, hata wakichekwa, ndio waliolisha watoto wao pasi na kukopa.

Tuliulizwa pale suala la zaka, nalo lafaa kuelezwa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi zaka ya mazao ni ya tende, zabibu, na nafaka zinazowekwa akiba zikawa chakula cha watu, na muwa haumo humo. Katika madhehebu ya Imamu Abu Hanifa muwa umo, na hutolewa moja katika kumi ikiwa umenyweshwa na mvua, nusu ya hiyo ikiwa umenyweshwa kwa taabu ya maji. Lakini mkulima wa Kishafi asifurahi upesi: fedha aliyoipata kwa miwa, ikifika nisabu na ikatimiza mwaka mkononi mwake, ina zaka yake kama fedha nyingine yoyote. Mwenye shaka na awaulize masheikh wa mji, nao wapo.

Mwaka 2001 hisa za kampuni zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi, na watu walionunua kidogo kidogo kwa akiba zao walidhani wamenunua kisima kisichokauka. Kisha mambo yakaharibika. Madeni yakapanda, sukari ya bei rahisi ikaingia nchini kutoka nje, miwa ikapungua kwa kuwa wakulima waliochoka kungoja malipo waliiuzia viwanda vingine au waliing'oa, na uendeshaji wa kampuni ukachunguzwa Bungeni. Mitambo ikasimama, na Septemba mwaka 2019 benki iliyoidai kampuni ikamweka msimamizi wake. Wakati ule miwa ilikauka imesimama shambani, maana muwa uliopita wakati wake hupoteza uzito na utamu, hata mwenyewe huona afadhali kuuchoma moto. Ndipo ikaonekana wazi jinsi mji mzima ulivyofungwa na king'ora kimoja cha kiwanda: fundi wa baiskeli, mama muuza maandazi, mwalimu wa madrasa aliyelipwa na wazazi, wote waliathirika. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza mfanya kazi apewe ujira wake upesi, na mkulima wa miwa, ijapokuwa si kibarua, ametoa jasho lile lile.

Desemba mwaka 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai kutoka Uganda, mashauri yakafunguliwa mahakamani, na usagaji ukaanza tena mwaka 2022 mashauri yakiendelea. Januari mwaka 2025 Rais William Ruto alikwenda Mumias kuwagawia wakulima ziada ya malipo, jambo ambalo wengi wao hawakulitazamia tena. Tuliowauliza kama watarudi kupanda walitujibu kwa namna mbili. Wazee walisema watapanda, kwani ardhi yao imeuzoea muwa na wao wameuzoea. Vijana walitaka kwanza kujua nani atalipa, na lini.

Msomaji atakaye kwenda na aende kwa gari kutoka Kisumu au Kakamega. Njia ni nzuri, na akitoka asubuhi atawahi adhuhuri. Asikomee mjini. Avuke upande wa Matungu, mahali walipozikwa Wanabongo wa zamani, akawaulize wenyeji, nao ni wakarimu kama walivyosimuliwa na watu wa misafara. Atakapopita sokoni anunue muwa mmoja wa kutafuna, ule laini mwekundu upandwao nyuma ya nyumba, si ule wa kiwandani. Wa kiwandani ni mgumu, na meno yetu yameushuhudia.